Sura ya Sita: Ngoma ya Februari 27

Siku nyingi za mwaka, Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, Songea mjini, huwa kimya. Wanakuja wanafunzi kwa mstari nyuma ya mwalimu wao, au msafiri mmoja mmoja aliyebakiwa na saa mbili kabla ya basi. Ifikapo Februari 27 mahali hapo hapatambuliki. Ni mwezi wa mvua, mahindi yako shambani na udongo mwekundu unanata kwenye viatu, lakini watu wanafika tu. Ngoma za lizombe zinaanza kulia, njuga zinaitika miguuni, na wazee wa Kingoni wanaingia uwanjani na mikuki na ngao za ngozi. Viongozi wa dini wanaomba dua. Viongozi wa serikali wanahutubia. Mashada yanawekwa makaburini. Kisha ngoma zinarudi, na hapo ndipo hata waliokuwa wamekaa kivulini wanasogea mbele.

Wanaoheshimiwa siku hiyo ni wapiganaji 67 walionyongwa na Wajerumani. Februari 27, 1906 ndiyo tarehe ambayo Songea imeishika. Miongoni mwao alikuwamo Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni wa Njelu, pamoja na wakuu wake wa vita, manduna. Walizikwa katika kaburi moja la halaiki. Pembeni yake lipo kaburi la mtu mmoja, Nduna Songea Mbano, ambaye mji wote unaitwa kwa jina lake.

Pana sanamu kwenye makumbusho hayo, na maandishi, na vyumba vyenye silaha za kale. Vyote vina thamani yake. Lakini anayetaka kujua Songea imewatunzaje mashujaa wake kwa zaidi ya miaka mia moja atazame kwanza miguu ya wachezaji. Huko ndiko kumbukumbu ilikojihifadhi wakati hapakuwa na jengo, wala mnara, wala ruhusa ya kuwalilia hadharani watu walionyongwa kama waasi.

Vita vya Majimaji vyenyewe havikuanzia Ungoni, nchi ya Wangoni. Vilianzia Nandete, katika nchi ya Wamatumbi nyuma ya Kilwa, mwishoni mwa Julai 1905, watu walipong'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ameshagawa maji ambayo watu waliamini yangegeuza risasi kuwa maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro mapema Agosti, kabla vita havijapamba moto, lakini maji yalikuwa yameshatoka mikononi mwake. Yalikwenda kusini na magharibi, kijiji kwa kijiji, yakibebwa na wajumbe walioitwa mahongo.

Aliyeyaleta Ungoni ni Omari Kinjala, mtu wa Ungindo. Masimulizi ya Songea yanasema alipokelewa Kitanda na mwanamke, Nkomanile, aliyekuwa mkuu wa sehemu ile. Nkomanile anatajwa kuwa mwanamke pekee kati ya wale 67. Inafaa msomaji asimame hapa kidogo. Katika vita ambavyo picha yake ya kawaida ni mwanamume na mkuki, mmoja wa waliofungua mlango wa vita hivyo Ungoni alikuwa mwanamke, na alilipa sawasawa na wanaume.

Wangoni hawakuwa wageni wa vita. Mababu zao walitoka kusini mwa Afrika katika misukosuko ya enzi za Shaka, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, wakapigana njia nzima kuja juu. Waliishi kwa nidhamu ya vikosi vya rika, mkuki mfupi wa kuchomea na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Lugha waliyokuja nayo imepotea Songea. Kingoni cha leo ni lugha ya majirani waliowameza na kuwa wamoja nao, lakini maneno ya amri yamebaki: nkosi, nduna. Na lazima isemwe bila kuficha kwamba ubabe huo uliwaumiza wengi kabla Mjerumani hajafika. Watu waliotekwa na kuingizwa katika dola za Njelu na Mshope waliitwa sutu, na hao ndio waliokuwa wengi jeshini. Mnara hukumbuka zaidi majina ya wakubwa.

Maji hayakuzuia risasi. Septemba 1905 Kapteni Richter, kamanda wa Kijerumani aliyekuwa na boma Songea, aliwashambulia kwa bombomu, bunduki ya rashasha ambayo Waswahili waliipa jina kwa mlio wake. Wapiganaji waliorudi walirudi wanajua. Lakini vita havikuisha siku hiyo, na sehemu hii ya habari mara nyingi hurukwa na wanaotaka kuifanya Majimaji kuwa hadithi ya watu waliodanganywa na chupa ya maji. Baada ya kujua kwamba maji hayafai kitu, Wangoni waliendelea kupigana kwa miezi mingi, vikundi vidogo vidogo, msituni na milimani. Imani ya dawa ilikwisha. Sababu za vita hazikwisha.

Wajerumani walibadili mbinu. Kapteni Wangenheim aliwaandikia wakubwa wake kwamba njaa na dhiki pekee ndizo zingewaleta watu hawa chini. Vijiji vilichomwa, maghala yakachomwa, mashamba yakaharibiwa. Wazungu waliokufa upande wa Wajerumani walihesabiwa 15, na askari wao Waafrika pamoja na wasaidizi 389. Kwa upande wa wananchi, serikali ya Kijerumani ilikubali 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, Mtanzania aliyevifanyia vita hivi utafiti kuliko karibu mtu yeyote, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa. Mapori ambayo zamani yalikuwa mashamba yaliachiwa tembo na mbung'o.

Ndipo Wajerumani wakaja kwenye kitanzi. Chabruma, Nkosi wa Mshope, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji na kuuawa huko. Mputa alikamatwa. Songea Mbano naye alikamatwa, na wazee husimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima na wangeweza kumtumia. Inasemekana alikataa kubaki duniani nyuma ya wenzake, akadai anyongwe kama wao. Alinyongwa baadaye, peke yake. Ndiyo maana makaburi ni mawili.

Kwa muda mrefu waliojua habari hii ni waliosimuliwa nyumbani. Vitabu vya shule vya wakoloni viliviita vita hivyo uasi. Hata hivyo Waswahili walikuwa wameshaandika: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa 1933. Baada ya uhuru kazi iliongezeka kasi. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa vijijini, chini ya Gwassa na mwenzake John Iliffe, kuwahoji wazee. Hesabu ni rahisi: kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 mwaka 1968. Waliokuwapo bado walikuwa hai, wakikumbuka ladha ya mizizi waliyokula wakati wa njaa. Wanafunzi wale walifika kwa wakati; miaka kumi zaidi na milango mingi ingekuwa imefungwa. Mwaka uliofuata ukatoka mchezo wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, na vijana wa shule wakaanza kuvaa kaniki na kusimama jukwaani kama watu wa Ngarambe.

Makumbusho ya Songea yalifunguliwa Julai 1980, na mwaka 2010 yakaingia chini ya Makumbusho ya Taifa. Kumbukizi ya Februari imekua pamoja nayo. Katika miaka ya karibuni imekuwa tamasha la siku kadhaa, likiunganishwa na utalii wa utamaduni, na vikundi vya ngoma vinatoka wilaya zote za mkoa wa Ruvuma.

Na hapo pana kitu ambacho mgeni anaweza kukiona bila kukitambua.

Kutoka ng'ambo ya Mbinga, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, wanakuja wachezaji wa mganda. Hawavai ngozi. Wanavaa mashati meupe na kaptula zilizopigwa pasi, soksi ndefu, pengine filimbi shingoni, na wanasimama kwa safu. Wanatembea kwa hatua ndogo zilizopimwa, wanageuka kwa pamoja, wanasimama kwa amri. Kuna anayeitwa kapteni. Kuna vyeo vingine vya kijeshi. Vibuyu vilivyotobolewa hutoa sauti kama tarumbeta. Mtu asiyejua atasema ni ngoma ya starehe. Anayejua anaona gwaride la Vita Kuu ya Kwanza likipita mbele yake.

Asili yake ni beni, ngoma ya bendi iliyozaliwa kwenye miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, yenye pande zilizoshindana kama Marini na Arinoti. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza. Askari wa Wajerumani waliicheza, askari wa Waingereza wa King's African Rifles waliicheza, wapagazi waliokokotwa nchi nzima wakaibeba kama walivyobeba mizigo. Songea yenyewe ilitekwa na majeshi ya Waingereza Septemba 1916. Vita vilipokwisha watu walirudi kwao bila pensheni, wengine bila afya, na wakaanza kucheza walichokuwa wamefanyishwa. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, alionyesha jinsi beni ilivyopita mikoa na mipaka, ikigeuka kuwa mganda huku, malipenga kule Malawi.

Kwa hiyo kwenye uwanja mmoja wa Mahenge vinakutana vita viwili. Lizombe na mikuki ya 1905, vita ambavyo Waafrika walipigana kwa ajili yao wenyewe. Kisha mganda, mabaki ya vita ambavyo Waafrika walipiganishwa na pande mbili za Wazungu. Hakuna aliyeviweka pamoja kwa makusudi ya kufundisha. Vilifika hivyo kwa sababu watu wa ziwani na watu wa Ungoni wako mkoa mmoja, na kila mmoja ameleta ngoma yake.

Mwili una namna yake ya kutunza mambo. Charles Miller, aliyeandika mwaka 1974 juu ya Vita Kuu ya Kwanza, alisimulia kisa cha mwaka 1964, pale serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani wa Tanganyika mishahara waliyoidai tangu 1918. Wazee walikusanyika Mwanza, wachache tu wakiwa na karatasi. Ofisa aliyetumwa na fedha, inasimuliwa, alimpa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya bunduki. Hakuna aliyeshindwa. Walikuwa wamesahau mengi katika miaka 46, lakini mikono ilijua ufagio ule ukae wapi.

Dar es Salaam inakumbuka vita hivyo kwa namna nyingine kabisa. Pale Posta, katikati ya barabara ya Samora, amesimama askari wa shaba ameinamisha bunduki yenye singe. Aliwekwa na Waingereza mwaka 1927, na mchongaji wake alikuwa James Alexander Stevenson. Kabla yake mji huo ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, na chini yake askari Mwafrika akimtazama bwana wake kutoka chini. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Askari wa Posta angalau anasimama peke yake, hamtazami mtu. Lakini hana jina. Wala hawana majina wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu, ambao ukumbusho wao mkubwa kuliko wote ni soko na mtaa: Kariakoo, mahali palipokaa kikosi cha wachukuzi. Watu hununua vitenge na nyanya hapo kila siku juu ya jina la kikosi hicho.

Tofauti ya Songea ni majina. Mjukuu anayekuja Mahenge anaweza kuweka mkono juu ya jina la babu yake. Mtafiti Nancy Rushohora wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye amefanya kazi ya akiolojia na kumbukumbu katika maeneo ya Majimaji, ameonyesha jinsi mabaki ya vita hivi yalivyotapakaa kusini yote, mengi yakiwa hayana kibao wala uzio. Songea ina bahati ya kuwa na makaburi yanayojulikana. Vijiji vingi vya Umatumbi, Ungindo na Liwale vina mapori tu.

Taifa nalo lina siku yake. Julai 25 ni Siku ya Mashujaa, na taratibu zake Watanzania wengi wamezizoea kwenye televisheni. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, meya anaweka upinde na mshale. Halafu anakuja mzee mmoja kwa niaba ya Tanzania Legion, chama cha askari wastaafu, naye anaweka shoka.

Ukitazama orodha hiyo kwa makini utaona kwamba jeshi lenye vifaru na ndege limeamua kuwaheshimu wafu wake kwa silaha za Mputa na Songea. Hakuna bunduki inayowekwa pale. Hilo ni jambo zuri, na halisemwi vya kutosha. Mazishi ya kijeshi na gwaride ni urithi wa Waingereza, tarumbeta ni yao, lakini kinachobaki juu ya mnara watu wakishaondoka ni chuma cha mhunzi wa kijijini na ngozi ya ng'ombe.

Siku hiyo haikai mahali pamoja kila mwaka. Imeadhimishwa Dodoma, ambako mwaka 2016 Rais Magufuli aliitumia kurudia ahadi ya serikali kuhamia huko. Imeadhimishwa Naliendele, Mtwara, walikozikwa wanajeshi waliokufa katika harakati za ukombozi wa Msumbiji. Imeadhimishwa Kaboya, wilaya ya Muleba, kwenye makaburi ya zaidi ya wanajeshi 600 wa vita vya Kagera. Vita hivyo vilianza Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kufika hadi mto Kagera, ambako walibomoa daraja la Kyaka. Aprili 11, 1979 Kampala iliangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Pamoja na askari wa jeshi la kudumu walikwenda mgambo wakulima, polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Wengine walitembea kwa miguu kutoka Mutukula hadi mpaka wa Sudan.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo sasa ana zaidi ya 65. Hao ndio wazee wa leo, wenye kofia zenye nembo na medali zilizopauka, na shoka linalowekwa mnarani linawekwa kwa ajili yao na wenzao. Wamekaa pale walipokuwa wamekaa wale wazee wa 1968: bado wapo, bado wanaweza kuulizwa. Na hapa mtu anaweza kuwa na wasiwasi wa haki kabisa. Wanafunzi wa Gwassa walikwenda na madaftari mpaka milangoni. Kwa wapiganaji wa Kagera kuna vitabu vichache, filamu na hotuba, lakini mgambo wa kawaida aliyerudi kulima migomba au mihogo yake mara nyingi hajaulizwa na mtu yeyote isipokuwa wajukuu wake. Pangefaa kuwe na daftari katika kila wilaya. Pangefaa kila shule iliyo karibu na mzee wa aina hiyo imwite akae mbele ya darasa asubuhi moja aeleze alivuka wapi, alikula nini, nani hakurudi.

Songea yenyewe haijamaliza kuzika. Familia ya Mbano na wazee wa Kingoni wanashikilia kwamba baada ya kunyongwa, kichwa cha Nduna Songea kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kaburi lake, kwa maelezo hayo, lina kiwiliwili tu. Hilo si jambo la ajabu katika historia ya ukoloni wa Kijerumani. Fuvu la Mkwawa wa Wahehe lilidaiwa hata kwenye Mkataba wa Versailles, na lilirudi Kalenga mwaka 1954 tu, likiletwa na Gavana Edward Twining. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa Machi 1900, na wajukuu wake wamekuwa wakikitafuta kichwa chake kwa miongo mingi.

Jijini Berlin, watafiti walipochunguza mafuvu yapatayo 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, waliona kwamba 904 yalitoka maeneo ya Rwanda ya leo, 202 Tanzania na 22 Kenya. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba fuvu mojawapo ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli, na ndugu zake wa damu wakapatikana Kilimanjaro. Katika kabati la makumbusho ya Ulaya, mtu akarudishiwa jina.

Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Mahenge. Alikutana na vitukuu vya Songea Mbano, akatembelea makaburi, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliyafanya. Kwa nchi iliyochukua miaka zaidi ya mia moja kulitamka neno hilo Songea, halikuwa neno dogo, na waliokuwapo walilipokea kwa utulivu na heshima. Kuhusu kichwa, aliahidi kwamba Ujerumani itasaidia kutafuta. Hakuahidi kwamba kitapatikana, kwa kuwa mafuvu mengi yalichukuliwa bila maandishi yanayosema ni ya nani.

Miezi minne baadaye ikaja Februari tena. Kule Kalenga fuvu la Mkwawa limekaa ndani ya kioo, wageni wanaliona. Mahenge kuna makaburi mawili, la wengi na la mmoja, na lile la mmoja bado linasubiri. Wazee wanaingia na mikuki, wapigaji wanazipasha ngoma moto ili ngozi zikaze, na vijana wa ziwani wananyoosha soksi zao wakisubiri amri ya kapteni.